Paa la Mwewe Halivuji

Kitanda cha Mwewe kilikuwa kimehamishwa mara tatu, na kila kilipohamishwa tone lilimfuata. Kwanza kilikuwa chini ya dirisha, kikasogezwa ukutani; kutoka ukutani kikaletwa katikati ya chumba; na sasa kilikuwa kimebanwa nyuma ya mlango, hata aingiaye ilimbidi apite upande upande kama kaa. Hapo napo, juma hilo, doa la rangi ya chai lilijitokeza darini, likatuna, na asubuhi ya Jumanne likaanza kudondosha. Beseni la kwanza lilikaa sakafuni. La pili lilikaa kitandani, juu ya miguu ya Mwewe, kwa sababu miguu hiyo haikuhisi tena uzito wa beseni wala ubaridi wa maji.

Mwewe alikuwa fundi wa mapaa. Jina hilo alipewa na watu wa mtaa tangu ujanani, kwa kuwa mchana kutwa alionekana juu ya nyumba za watu, amechutama, akitazama chini. Kwa miaka ishirini na mitano hakuna mwenye nyumba aliyemrudia na lalamiko. "Paa la Mwewe halivuji," watu walisema, na maneno hayo yakawa ya kuapia: mtu akitaka kuaminiwa, husema neno lake ni paa la Mwewe.

Nyumba moja tu ndiyo iliyomwaibisha, nayo ni yake mwenyewe. Mwaka wa tatu baada ya kuiezeka, dari la chumba cha kulala likaanza kuloa. Ajabu ni kwamba liliweza kuloa hata kiangazi, asubuhi za baridi, mbingu ikiwa kavu kama kigae. Mwewe alipouliza ni paa gani livujalo bila mvua, watu walicheka. Mwenye duka la jirani, aliyejaliwa ulimi, akaibatiza nyumba ile Nyumba ya Mabeseni. Mwewe akawa anapanda na kopo la lami, anakagua bati kwa bati, haoni kitu, anapaka lami hivyo hivyo, anashuka. Wateja wakapungua, kisha wakakoma. Nani amwite fundi ambaye kwake kunavuja?

Miaka miwili iliyopita, asubuhi moja ya kiangazi, mkewe alisimama uani na beseni mkononi akamtazama akiegesha ngazi kwa mara ya kumi na ngapi sijui. Usiku wa kuamkia siku hiyo mke hakuwa amelala. Akasema, "Kinyozi hajinyoi."

Mwewe akajibu huku akipanda, bila hasira, kama mtu anayeitikia salamu: "Na akijinyoa hujikata."

Haikupita robo saa akateleza. Uti wa mgongo ulivunjika mahali ambapo daktari aliweza kupaonyesha kwenye picha kwa ncha ya kalamu. Tangu siku hiyo mkewe hakuitamka tena methali ile, wala methali nyingine yoyote, na yeye alikuwa mwanamke ambaye zamani hakuweza kusonga ugali bila kusema msemo.

Mwewe naye, kitandani, alibaki na kazi moja. Kila asubuhi aliliezeka paa lake upya kichwani. Alianza na bati la kwanza upande wa bafuni, akapita msumari kwa msumari, papi kwa papi, zile mbao nyembamba za kupigilia bati, akitafuta ni wapi mkono wake ulikosea. Mapafu yake yalikuwa yamekwisha kuharibika kwa kulala chali na kuvuta hewa yenye unyevu, na daktari alikuwa ameacha kutaja miaka, akawa anataja miezi. Lakini Mwewe hakuuliza habari za miezi. "Sitaki kufa sijajua," alimwambia mkewe. "Nionyesheni tundu, kisha mnizike."

Jumanne hiyo doa lilipodondosha, taa ya chumba nayo ikazimika kwa cheche. Mkewe akampigia simu mdogo wake, fundi umeme, ambaye mtaani walimwita Kipimo kwa sababu ya futi ya chuma iliyoning'inia kiunoni mwake kila siku, hata msibani.

*

Kipimo alifika saa mbili asubuhi, akapita mlangoni upande upande, na mkoba wake wa zana ukagonga kitanda.

"Shemeji," alisema Mwewe, "umekuja kunizika au kuwasha taa?"

"Taa kwanza. Siziki mtu gizani, nitakosea kichwa na miguu."

"Miguu chukua tu, mimi siitumii."

Wakacheka, na kicheko cha Mwewe kikageuka kikohozi kirefu kilicholia kama mchanga ndani ya debe. Dada yake Kipimo akaingia, akamwinua mumewe mabegani, akamshikia kitambaa mdomoni hadi kikohozi kilipokwisha. Kisha akamgeukia mdogo wake.

"Wewe mtoto, unacheka naye mpaka unamuua. Angalia taa."

Kipimo alikuwa na miaka arobaini na minne, lakini kwa dada yake alikuwa bado mtoto, wala hakuona vibaya. Alizima swichi kuu, akafungua kikombe cha taa, na maji yakamtiririkia mkononi hadi kwenye kiwiko. Akakata waya wa chumba kile, akauziba ncha, akarudisha umeme wa nyumba nzima kwa kuwa dada yake alihitaji maji ya moto ya kumwogeshea mgonjwa.

"Waya umeoza huko juu," alisema. "Lazima nipande juu ya dari."

"Utapandia wapi? Fundi wa dari alifunga kote, hakuacha hata pa kupita panya."

"Nitakata mlango hapo kwenye ujia."

"Kata. Hata ukilibomoa lote, nimechoka nalo."

Kutoka nyuma ya mlango Mwewe akapaza sauti. "Shemeji! Ukifika juu, kabla hujagusa waya, zima tochi yako. Ngoja macho yazoee giza. Paa lenye tundu huonyesha nyota mchana. Ukiona nyota, hesabu ni bati la ngapi."

"Sawa, shemeji."

"Hesabu vizuri. Mimi siwezi kwenda kuhakiki."

Alikata mraba wa dari kwa msumeno mdogo, akaegesha ngazi, akajipenyeza. Jambo la kwanza lililomfikia lilikuwa harufu, harufu ya nguo zilizosahaulika ndani ya ndoo. Tochi ya kichwani ikamulika kenchi, mbao kubwa zinazobeba paa, nazo zilikuwa nyeusi na zenye manyoya. Ukungu mweupe ulikuwa umetambaa kwenye mbao kama ndevu, na alipobonyeza papi kwa kidole gumba, kidole kilizama. Upande wa ndani wa mabati ulijaa matone, maelfu kwa maelfu, kila tone limening'inia peke yake likisubiri zamu yake. Mengine yalikwisha kuungana, yakateremka na mwinamo wa paa kuelekea upande wa chumba cha kulala, yakadondoka hapo, juu ya kitanda, popote kitanda kilipowekwa.

Akazima tochi kama alivyoagizwa. Akangoja. Giza lilikuwa zima. Aligeuza kichwa kulia, kushoto, juu mgongoni mwa paa, chini kwenye kingo. Hakukuwa na nyota hata moja.

Paa lilikuwa zima kama siku lilipopigwa msumari wa mwisho.

Basi akawa ameketi hapo gizani, hajaelewa bado, aliposikia chini yake magurudumu ya kiti yakisukumwa kuelekea bafuni, sauti ya dada yake, sauti ya mpwa wake, binti ya Mwewe, na maji yakifunguliwa. Kisha swichi ya bafuni ikabonyezwa, na karibu kabisa na goti lake kitu kikaanza kunguruma. Dakika haikupita akapuliziwa usoni pumzi ya moto yenye harufu ya sabuni.

Akawasha tochi. Mdomo wa bomba la plastiki, upana wa kiganja, ulikuwa umelazwa juu ya ubao wa kenchi, unamtazama. Kutoka mdomoni mle mvuke ulitoka kwa nguvu, ukapanda, ukagonga mabati ya baridi, ukageuka maji. Na kwenye shingo ya bomba, mahali ambapo macho yake hayakuweza kupakwepa, palikuwa na utepe wa karatasi wenye maandishi ya kalamu ya wino mzito. Mwandiko ulikuwa wake. Ulisema: NJE.

*

Miaka tisa nyuma, nyumba ikiwa mpya, ni yeye aliyeifunga feni ile ya kufyonzea mvuke bafuni. Ilikuwa zawadi yake kwa dada yake. Njia fupi ya bomba ilikuwa kupenya paani moja kwa moja, mita moja tu, lakini Mwewe alikuwa amesimama chini ya ngazi, mikono kiunoni.

"Paa langu hutoboi, shemeji. Toboa ukuta, toboa mlango, nitoboe hata mimi sikio. Paa langu hapana."

"Mpaka kwenye ukuta wa pembeni ni mita tano. Bomba nililonalo halifiki."

"Basi lete jingine. Lini ulisikia paa langu lina njia ya mkato?"

Kipimo akafunga feni, akalaza bomba juu ya kenchi, akalibandika utepe wa NJE ili asilichanganye na mengine, akasema atarudi kesho na kipande kilichobaki. Kabla ya kuondoka aliijaribu feni kama mafundi wote wanavyoijaribu: alichukua karatasi ya choo, akainua, feni ikaivuta ikang'ang'ania kwenye wavu. Watu waliokuwa bafuni wakapiga makofi. Binti wa nyumba ile, wakati huo ana miaka kumi, akaomba kuijaribu mwenyewe. Akabandika karatasi, akabandua, akabandika. Kisha akauliza, "Mjomba, na huo mvuke unaenda wapi?"

"Unaenda zake," alijibu Kipimo.

Kesho yake aliitwa kwenye jengo la ghorofa lililomchukua miezi mitatu. Aliporudi, fundi wa dari alikuwa amekwisha kufunga kila kitu na kupaka rangi. Kipimo aliingia bafuni, akainua karatasi, karatasi ikashika. Inavuta, akajiambia. Basi. Fundi umeme hana habari na paa, fundi wa paa hana habari na feni, na fundi wa dari hufunga alichokikuta; nafasi ile ya giza kati ya dari na bati haikuwa ya mtu. Naye Mwewe, kama walivyo mafundi wa mapaa wote, tundu alilitafuta kwa juu, kwenye jua, hakuwahi kufikiri kwamba maji yanaweza kupanda kabla ya kushuka.

Angalau mara mbili Kipimo alilikumbuka bomba lile. Mara ya kwanza alikuwa safarini. Mara ya pili alikuwa mezani pa dada yake, mabeseni yakiwa yamekwisha kuanza, na wazo lilimpitia kama nzi; badala ya kulishika akafanya mzaha. "Mwewe," alisema siku ile, "kunguru wamekutobolea bati kwa wivu." Watu wote walicheka, na Mwewe alicheka nao.

*

Kipimo alishuka ngazi akiwa na ukungu kwenye nywele. Bafuni walikuwa bado wakimwogesha Mwewe. Mlango ulikuwa umefungwa. Akasema kwa nje, "Dada, nakwenda kununua vifaa," akatoka haraka kabla hajajibiwa.

Alirudi na bomba la mita tano, viungio, na kifuniko cha nje chenye vipande vinavyofunguka hewa inapotoka na kujifunga feni ikizimwa. Hakufanya kazi hata moja maishani mwake kwa uangalifu wa siku ile. Alipima mara tatu. Alitoboa ukuta wa pembeni kwa drili, akapanua tundu kwa tindo na nyundo, vumbi likamjaa puani. Aliliinamisha bomba kidogo kuelekea nje, ili maji yatakayojikusanya ndani yasirudi nyumbani. Kila kiungio alikifunga kwa utepe raundi tatu, akalikaza bomba kwenye kenchi zilizo imara, akalivika sufi mvuke usije ukapoa njiani. Utepe wa NJE aliubandua, akaukunja, akautia mfukoni mwa shati.

"Unatoboa nini huko?" dada yake aliuliza kutoka chini.

"Njia ya waya."

"Waya gani wa kutaka tundu la kupita paka?"

Kipimo akaendelea kupiga tindo. Alikuwa akiwaza kwa namna ambayo baadaye aliionea haya. Aliwaza kwamba mabati yatakauka, doa litakoma, nyumba itapona, na hakuna atakayeuliza zaidi. Mgonjwa alitaka kuonyeshwa tundu. Basi aonyeshwe tundu. Tundu la msumari ni kitu kidogo, kila fundi ana lake. Kumwambia ukweli mtu aliyebakiwa na miezi, si kumvunja mgongo mara ya pili? Hivyo ndivyo alivyoupamba woga wake mpaka ukafanana na huruma.

Saa tisa alasiri alivuta waya mpya, akawasha taa ya chumba. Mwewe alikuwa amelala amevishwa shati safi, na macho yake yalikuwa mlangoni tangu zamani.

"Umeona nyota?"

"Nimeona," alisema Kipimo. "Moja. Nimeiziba."

Mwewe alifumba macho. Kitu kilichokuwa kimemkaza uso kwa miaka miwili kikaanza kulegea. Kipimo alipoona hivyo alishukuru moyoni.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema Mwewe.

"Ni msumari tu, shemeji. Mpira wake ulikatika."

"Bati la ngapi?"

"La nne, kutoka upande wa bafuni."

"Safu?"

"Ya tatu. Kutoka juu."

Mwewe akafumbua macho. Akawa anatazama dari, na Kipimo akajua kwamba hakuwa akilitazama dari; alikuwa amechutama huko juu, kwenye jua la miaka tisa iliyopita, nyundo mkononi.

"Bati la nne, safu ya tatu," alirudia Mwewe taratibu. "Papi ya safu hiyo ilikuwa na ufa. Niliiruka. Nikapiga misumari miwili kwenye safu ya nne badala yake. Hapo ulipopaziba, shemeji, hapana msumari."

Beseni lilipokea tone. Lilikuwa tone la mwisho mwisho, lililosalia tangu asubuhi.

"Huenda nilihesabu vibaya..."

"Wewe? Kipimo?" Mwewe hakupaza sauti; hakuwa na sauti ya kupaza. "Nilikuomba neno moja. Usinidanganye kwa huruma, sina nafasi ya kuiweka. Umeona nini?"

Dada yake Kipimo alikuwa amesimama mlangoni na taulo. Nyuma yake alisimama binti, sasa mwanamke wa miaka kumi na tisa mwenye mikono iliyokomaa kwa kumwinua baba yake. Kipimo aliwatazama, akatia mkono mfukoni mwa shati, akautoa utepe ule, akaukunjua juu ya shuka.

"Hakuna tundu," alisema. "Paa lako halijavuja hata siku moja. Ni feni. Niliacha bomba darini. Nilisema nitarudi kesho kulitoa nje, sikurudi. Mvuke wote wa bafuni, miaka tisa, umekuwa ukiingia humo juu, unagonga bati, unageuka maji. Ni mimi, shemeji."

Binti ndiye aliyetangulia kujibu, naye hakusema kwa ukali. Alisema kama anayesoma kilichoandikwa.

"Mjomba, nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ulisema unaenda zake."

Dada yake alikuwa akilikunja taulo. Alilikunja mara mbili, mara nne, mara nane, mpaka halikukunjika tena. "Kila siku namwogesha kwa maji ya moto," alisema, hamwambii mtu. "Daktari alisema maji ya moto. Nawasha ile feni asivute mvuke. Kumbe nauchukua mvuke namwekea juu ya kitanda." Kisha akakumbuka jambo jingine, na Kipimo aliona alipolikumbuka, maana mkono wake ulikwenda mdomoni kana kwamba unaweza kuyarudisha maneno ya asubuhi ile ya uani. Akageuka, akaingia bafuni, akafunga mlango. Wakasikia swichi, na feni ikaanza kunguruma. Aliiwasha ili asisikike.

*

"Nitoeni nje," alisema Mwewe.

Walimpakia kwenye kiti cha magurudumu, binti mabegani, Kipimo miguuni, na miguu ile ilikuwa myepesi kama mbao zilizoliwa na mchwa. Wakampitisha upande upande mlangoni. Uani jua lilikuwa limepungua na baridi imeanza kushuka. Kwenye ukuta wa pembeni, chini ya ncha ya paa, kile kifuniko kipya cheupe kilikuwa wazi. Maji ya moto lazima yalifunguliwa pia, kwa sababu mvuke ulitoka kwa wingi, ukapinda na upepo, ukapotea. Pamoja na mvuke, kupitia mita tano za bomba alizozifunga kwa ustadi, ilitoka sauti. Ilikuwa ndogo, imechanganyika na mngurumo wa feni, lakini ilikuwa sauti ya mwanamke anayelia amejiziba kwa taulo.

Binti alitaka kwenda ndani. Baba yake akamzuia kwa kidole.

"Mwache. Hapo angalau inatoka."

Hakuutazama mvuke tena. Alitazama paa. Kipimo aliona midomo yake ikihesabu: bati la kwanza, la pili, la tatu. Lami aliyoipaka miaka yote ile ilikuwa imejaa juu ya bati zima kama makovu ya mtu aliyetibiwa ugonjwa asiokuwa nao. Alipofika mwisho alirudi mwanzo, akahesabu tena. Kikohozi kilimkatiza mara mbili. Jua likagusa ukuta wa jirani, na bado alihesabu.

"Shemeji," alisema Kipimo, na magoti yake yalikuwa yamekwisha kugusa ardhi. "Nisamehe."

Mwewe alichukua muda mrefu kupata pumzi ya kutosha.

"Mtaa mzima unajua nilianguka nikiziba paa langu bovu. Watoto wanaijua hadithi hiyo. Nikifa wataisimulia kaburini, watacheka kidogo, kisha watakula." Akapumzika. "Nenda ukawaambie. Nyumba kwa nyumba. Anza na yule wa dukani."

"Nitakwenda. Kesh..."

Neno lilifika kwenye meno. Kipimo alilisikia kabla halijatoka, akalimeza, na lilishuka kama mfupa.

"Naenda sasa," alisema.

"Inuka basi."

"Kwa hiyo umeni..."

"Sijakusamehe," alisema Mwewe. "Nimekutuma."

Kipimo aliinuka. Alipangusa magoti, akashika njia ya geti bila kuchukua mkoba wake. Nyuma yake feni ilizimwa, na kile kifuniko ukutani kikajifunga kwa mlio mdogo, tak, kama kilivyotakiwa.

Dukani walikuwepo watu watano au sita, wamekaa juu ya makreti, kila mmoja na soda yake. Mwenye duka alimwona kwa mbali akatanua mikono.

"Kipimo! Habari za Nyumba ya Mabeseni? Nasikia leo mmeongeza la tatu."

Watu wakacheka. Kipimo alisimama mbele yao, ukungu bado uko nywelani.

"Paa la Mwewe halivuji," alisema.

Wakacheka zaidi. Mmoja alipaliwa na soda, mwenzake akampiga mgongoni.

"Halivuji tangu lini?" aliuliza mwenye duka, akipangusa machozi ya kicheko.

"Tangu lilipoezekwa," alisema Kipimo, akavuta kreti moja tupu, akaketi, akaanza kuwaeleza.